Makala, mfuko mmoja

Nilipomwambia mama kwamba naandika makala, aliuliza: "Mifuko ngapi?"

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa inabidi nimfafanulie kicheko chetu. Hapa Lubumbashi makaa ya kupikia huitwa makala, na mama amekuwa akiyauza mbele ya nyumba yetu, Katuba, tangu mwaka alipofariki baba. Hayo makala mengine, ya kusomwa, hana habari nayo. Kwake yeye kuandika ni kuandika madeni ya majirani kwenye kipande cha katoni. Nikamjibu kwamba ni mfuko mmoja tu. Akatikisa kichwa: "Mufuko moya haina kintu."

Mimi nimeuona huo mfuko mmoja ukilisha watu wengi kuliko anavyodhani, na si kwa bukari, yaani ugali, iliyoiva juu yake. Kwa karibu miaka kumi nimekuwa mtu wa ankete. Ndivyo tunavyowaita hapa wanaopita nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali: bantu ba ankete. Mtafiti mwenyewe hukaa Kasapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu, au Ulaya. Mimi ndiye yule dada mwenye ubao wa kuandikia na kalamu mbili, anayegeuza Kifaransa cha karatasi kiwe Kiswahili cha uani. Nimebeba maswali ya watu wa misitu, wa uchumi, wa afya, wa historia. Na kwa kuwa fomu yoyote inabidi ijaribiwe kabla ya kutoka nayo, mimi huijaribia nyumbani. Kwa hiyo vitivo karibu vyote vya mji huu vimepita mbele ya mama yangu, aliyeketi kwenye kigoda na mfuko wake wa makala pembeni.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa kilimo na misitu, kijana mwembamba aliyekuwa akiandika TFC yake, yaani kazi ya kumalizia masomo. Huyu hakuanza na bei. Alichuchumaa akachungulia mdomo wa mfuko. Mdomo huo hauzibwi kwa kitambaa. Mchomaji hupanga vijiti na majani mabichi juu ya makala, kisha akavuta kamba ya kusokota ukingo hadi ukingo ili mzigo usimwagike safarini, juu ya kinga, yaani baiskeli, au juu ya lori. Yule kijana akachomoa majani hayo moja baada ya jingine, akayapanga kwenye gazeti. Huu ni mutondo, akasema, na akataja jina la Kilatini, Julbernardia paniculata. Mama akasema anaujua mutondo tangu hajazaliwa huyo mtoto. Wakaendelea hivyo, yeye Kilatini, mama Kibemba, na kijana akiandika yote mawili. Hadi leo sijaona mtihani ulioendeshwa kwa furaha namna ile.

Alichokuwa akitafuta ni hiki: majani ya mdomo wa mfuko hutoka mahali palepale ulipochomwa mti. Ukiyasoma vizuri, mfuko unakusimulia msitu uliotoka. Na msitu wetu una jina ambalo wataalamu wa dunia nzima wamelikopa kwa watu wanaoukata. Miombo, pori linaloanzia Angola likafika Msumbiji na Tanzania, limeitwa kwa miti ya muombo, jamii ya Brachystegia. Neno hilo lilikuwa vinywani mwa wakata kuni kabla halijaingia kwenye majarida.

Siku nyingine nilifuatana naye njia ya Kasenga hadi kwenye tanuru. Magogo hulazwa kwa mpangilio, yakafunikwa nyasi, kisha udongo, na kuachwa tundu la kuwashia. Baada ya hapo mchomaji halali nyumbani kwa siku kadhaa. Udongo ukipasuka, hewa ikaingia, kazi yote inakuwa majivu. Hata mambo yakienda vizuri, katika kilo 100 za kuni huenda akapata kilo 10 hadi 20 za makala. Nyingine zote zimekwenda na moshi. Mama alikuwa ameuza makala miaka mingi bila kuujua uwiano huo, na alipousikia alinyamaza kidogo, kisha akauliza mbona basi bei ya jumla haijapanda zaidi.

Ngoja niingize na kichuguu hapa, maana katika safari ile tulipita vingi, na mimi kichuguu kinanipendeza kuliko bahari. Vya Katanga ya Juu, mkoa wetu, ni vilima hasa. Vingine hufika mita 8. Kitu kimoja, na angalia walivyokigawana. Watu wa udongo wamepima wakakuta kina chokaa na virutubisho kuliko ardhi ya pembeni yake. Watu wa lishe na wa mila wanawauliza wajawazito kwa nini wanautafuna udongo wake. Watu wa ujenzi wanauona mji wetu mzima umetoka humo, kwa sababu matofali ya kuchoma hutengenezwa kwa udongo huohuo. Na wale wanaopima umri kwa kaboni walichimba vichuguu vya pori la karibu na Lubumbashi, wakatangaza mwaka 2015 kwamba kimoja, kilichokwisha hamwa na mchwa, kina zaidi ya miaka 2,000. Nilimsomea hilo mjomba wangu, fundi matofali. Alikaa kimya, kisha akasema: kumbe choo changu kimejengwa kwa kitu kilichokuwepo kabla ya Yesu. Jibu hilo sikuwa na mahali pa kuliandika.

Nalo ndilo lililonifanya nianze daftari.

Ankete ina visanduku. Unauliza, mtu anajibu, wewe unatia alama. Mtu akijibu nje ya kisanduku, unamrudisha kwa upole: ndiyo mama, lakini kati ya haya manne ni lipi? Nimewarudisha watu maelfu ya mara. Nilimuuliza mzee mmoja wa Ruashi nyumba yake ina vyumba vingapi, akaanza kunihesabia nani alifia katika kila chumba. Nikaandika 4. Usiku, kwenye daftari langu, nikaandika wale marehemu.

Kisanduku kilichonitesa kuliko vyote kilikuwa na neno moja: kazi. Ilikuwa ankete ya uchumi wa kaya, kurasa kumi na moja. Nilimketisha mama nikamuuliza kwa sauti ya kiofisi, kama tulivyofundishwa: Mama, kazi yako?

"Kazi? Sina."

Alikuwa ameamka saa kumi ya alfajiri kungojea lori. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye kiwiko. Nikamuuliza tena. "Niko natafuta tu," akasema. "Kazi ni ya bantu ba ku kompani." Karatasi ilikuwa na kisanduku cha "hana kazi", na kwa haki ya sheria za ankete ilinibidi nitie alama pale. Nilitia. Wanawake kumi na tisa wa mtaa wetu, wote wauzaji, wengine wa makala, wengine wa unga, wengine wa samaki wakavu, walijibu vilevile, na mahali fulani kuna jedwali linalosema kwamba mtaa wetu umejaa wanawake wasio na kazi.

Mwenye kulijenga jedwali hilo hakuwa mjinga wala mbaya. Alikuwa mchumi, na kwake kazi ni shughuli inayoleta kipato. Lakini katika mji huu neno kazi limepitia mdomo wa mgodi. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910, ukaitwa Élisabethville, kwa sababu ya shaba. Tanuru la kuyeyushia lilianza kufanya kazi mwaka 1911. Watu waliletwa kutoka mbali, wakapewa nyumba, posho ya unga, shule ya watoto, na vyote hivyo viliitwa kwa neno moja. Kazi ikawa ile yenye king'ora cha asubuhi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Yanayobaki ni kutafuta.

Kinachoniuma ni kwamba hilo lilikuwa limekwisha andikwa. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyeishi na kufundisha hapa miaka ya 1970, alichapisha mwaka 1973 utafiti mzima juu ya neno kazi na maana yake kwa wafanyakazi wa Katanga waliokuwa wafuasi wa Jamaa, ile harakati ya Kikatoliki iliyotokana na padri Placide Tempels. Utafiti mzima juu ya neno moja la Kiswahili! Mtu wa uchumi angelipita kwenye rafu ya watu wa lugha na dini kwa nusu saa tu, angelibadili swali lake kuwa "unaishi kwa nini?" au "unatafuta nini?" na jedwali lingetoka jingine kabisa. Lakini nani atamwambia mchumi akasome habari za wanamaombi?

Kwa watu wa afya sitakaa sana, maana wao ndio wanaosikika duniani, na wana haki ya kusikika. Wanakuja na vikopo vya mkojo. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo chetu na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana metali nyingi mwilini, hasa kobalti. Mwaka 2018 wakaandika juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hadi ndani ya viwanja vyao, na walioathirika zaidi walikuwa watoto. Mwaka 2020 ukatoka utafiti wa hapahapa Lubumbashi uliohusisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili. Mambo hayo huwezi kuyajua kwa kusikiliza hadithi; yanahitaji kipimo, na kipimo kinahitaji mtu aliyekaa miaka mingi na kitu kimoja bila kugeuka. Sitaki anayenisoma adhani nawacheka wenye visanduku. Kisanduku chembamba ndicho kilichoikamata kobalti.

Ila nilifanya na timu moja, sitaitaja, ambapo jirani yetu alitoa mkojo wa watoto wake watatu. Aliniuliza: "Batarudia?" Nikamwambia ndiyo, watarudi na majibu. Majibu yalikuja baada ya miaka miwili, kwa barua pepe, kwa Kiingereza, kwangu mimi. Nilimgeuzia nilichoweza, kwa Kiswahili, tukiwa tumesimama penye bomba la maji. Aliuliza afanye nini sasa. Karatasi haikusema.

Mama naye alipimwa mara moja, mapafu na moshi. Walipoondoka alisema jambo ambalo lipo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Wa kwanza aliniuliza miti, wa pili akaniuliza feza, hawa wameniuliza pumzi. "Hakuna mwenye aliniulizaka mambo ya mugongo." Na kweli mgongo ndio unaomuuma, kwa kuinamia mifuko.

Nikikaa na daftari hilo huwa najiuliza kama kuna mahali ambapo vitivo viliwahi kukutana katika nchi hii bila kusukumwa. Papo, na nikipata nafasi huwahadithia wanafunzi. Kwenye vilima vyetu vya shaba miti haioti vizuri. Udongo una sumu. Lakini kuna mimea iliyoizoea. Mmoja ni mdogo, una ua la zambarau, jina lake Haumaniastrum katangense, na wengi huuita ua la shaba. Wataalamu wa mimea waliufuatilia kwa sababu ya hiyo shaba. Kisha wakaona unaota kwa wingi hata mahali pasipo na mgodi wowote. Walipochimba wakakuta mabaki ya matanuru ya zamani: hapo wazee wetu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya kampuni yoyote, wakamimina ile misalaba midogo iliyotumika kama fedha, na taka za kazi hiyo zilibaki ardhini. Ua likaota juu ya taka. Mwaka 1982 Guy de Plaen, François Malaisse na Robert Brooks waliandika jinsi mmea huo unavyomwongoza mtafuta madini na mtafuta historia kwa pamoja. Mtu wa mimea akampa mtu wa akiolojia ramani. Ukiniuliza utafiti mtamu ni upi, nitakutajia huo kabla ya wowote wenye mitambo.

Upande wa pili wa mji, Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda ulishuka miaka mingi hadi udongo ukabaki mtupu, watu wa kilimo wamejaribu kurudisha majani kwa kupanda nyasi za vilima hivyohivyo vya shaba, zinazovumilia ile sumu. Nilipita huko na mpiga picha mmoja. Yeye alikuwa akitafuta rangi. Mtaalamu wa nyasi alikuwa akitafuta mizizi. Walitumia asubuhi nzima mita kumi baina yao bila kuongea, kila mmoja amepiga magoti.

Sanaa nimeiacha nyuma kama wanavyoiacha wenye bajeti. Gari la mradi huja kwa ajili ya udongo na mkojo. Hadithi hufuatwa kwa miguu. Lakini ukitaka kujua mji huu ulijiona vipi, huwezi kuwakwepa wachoraji. Tshibumba Kanda Matulu alikuwa akiuza picha zake za kukaa sebuleni, zile tunazoziita ukumbusho, na mwishoni mwa mwaka 1973 akagonga mlango wa yule yule Fabian. Kutoka hapo, hadi mwaka uliofuata, akachora picha karibu 100 za historia ya nchi, tangu wazee hadi siku zake, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili chetu, kinasa sauti kikizunguka. Alijiita mwanahistoria. Hakuwa akitania, na kwa maoni yangu alistahili cheo hicho kuliko baadhi ya waliokipewa kwa kofia na joho. Miaka ya mwanzo ya 1980 alitoweka, na picha zenyewe ziko Amsterdam.

Kabla yake, mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu kilitoa kitabu kidogo kilichopigwa chapa kwa mashine, kwa Kiswahili, mwandishi wake André Yav, kikiitwa kwa Kifaransa msamiati wa mji wa Élisabethville. Kichwa chaonyesha kamusi. Ndani ni historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni. Waliopika na kufua ndio walioandika, bila fomu, bila kitivo, na leo kila anayeandika juu ya mji huu lazima apite kwao. Naye Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa mwaka 1978, alichukua picha za zamani za wafanyakazi akazibandika juu ya picha mpya za viwanda vilivyokufa. Nilipoziona mara ya kwanza nilifikiri: huyu amefanya ankete, ila ameiacha bila visanduku.

Daftari langu sasa ni la tatu. Profesa mmoja aliniambia nililete, tulifanyie kitu. Akaniuliza niliweke katika mada gani: mazingira, jamii, au sanaa na lugha? Nilifungua ukurasa wowote nimwonyeshe. Ulikuwa ule wa mjomba na choo chake. Alicheka sana, halafu akanirudishia, akasema nifikirie.

Bado nafikiri. Huku nyuma, yule kijana wa majani alikuwa amemwambia mama kwamba atarudi msimu wa mvua, naye amuwekee majani ya mdomo wa kila mfuko, aandike na siku uliyofika. Mama haandiki siku, lakini aliyaweka, kila fungu na kamba yake, juu ya dirisha la jikoni. Mvua zikaja, zikaisha. Aliniuliza mara mbili, "Ule mwana wa majani, alifika wapi?" Namba yake haipatikani tena, huenda alishamaliza, huenda alipata kazi, ile ya ku kompani. Wiki iliyopita umeme ulikatika siku nne, watu wakapanga foleni ya makala tangu alfajiri, na nilipoingia jikoni nikaona dirisha liko tupu. Mutondo, muombo, vyote vilikuwa chini ya mbabula, jiko letu la makala, mama anapuliza.